Gregory Pincus: Mwasisi wa vidonge vya majira na fumbo la kidonge kilichosahauliwa

Na Mwandishi Wetu

WANAWAKE wengi nchini huviita vidonge vya majira. Jina hilo limebeba siri nzima ya dawa hiyo, kwa kuwa majira ni wakati, na vidonge hivi visipomezwa kwa wakati wake hupoteza nguvu.

Katika kliniki za afya ya uzazi kuna swali ambalo wahudumu hulisikia mara kwa mara. Mama aliyesahau kumeza kidonge jana au juzi anataka kujua iwapo yumo katika hatari ya kupata mimba, na mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba amefanya kosa la aibu.

Swali hilo si geni. Lilizaliwa pamoja na dawa yenyewe, na miongoni mwa watu wa kwanza waliolazimika kulijibu kwa hesabu ni Dk. Gregory Goodwin Pincus, mwanabayolojia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1967.

Historia inamkumbuka kwa jina la baba wa kidonge. Hata hivyo, maisha yake yana upande ambao hausimuliwi sana. Mtu huyo alifanikiwa kulituliza yai la mwanamke lisipevuke, lakini hakuwasikiliza ipasavyo wanawake walipoeleza kwa nini dawa yake ilikuwa ngumu kumezwa kila siku.

Mtoto wa kijiji cha wakulima

Pincus alizaliwa Aprili 9, 1903 katika kijiji cha Woodbine, jimbo la New Jersey. Kijiji hicho kilianzishwa kwa ajili ya Wayahudi waliohama kutoka Urusi na nchi jirani, ili wajipatie riziki kwa kilimo.

Baba yake alikuwa mwalimu wa kilimo na mhariri wa jarida la wakulima. Mjomba wake, Jacob Lipman, alikuwa mtaalamu wa udongo aliyeheshimika sana. Kwa hiyo kijana huyo alikua akisikia habari za mbegu, mifugo na uzazi wa wanyama tangu utotoni.

Alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1924. Mwaka huo huo alimwoa Elizabeth Notkin, wakajaliwa watoto wawili. Miaka mitatu baadaye alipata shahada ya udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaenda kujiendeleza Cambridge, Uingereza, na Berlin, Ujerumani.

Aliporejea Harvard mwaka 1930 alijikita katika jambo ambalo wengi waliliona la ajabu. Alitaka kujua yai la mnyama anyonyeshaye linavyopevuka, linavyorutubishwa na linavyoanza kugawanyika.

Sungura waliomponza

Mwaka 1934 Pincus alitangaza kwamba amefanikiwa kurutubisha mayai ya sungura nje ya mwili wa mnyama huyo. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu mayai ya wanyama wanyonyeshao, ambamo alieleza pia majaribio ya kulifanya yai lianze kukua bila mbegu ya dume.

Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa kishindo. Yalimchora kama mtu anayetaka kuumba watoto ndani ya chupa, na kumfananisha na wanasayansi wa riwaya za kutisha zilizosomwa sana miaka ile.

Kelele hizo zilimgharimu. Harvard haikumpa ajira ya kudumu, na kufikia mwaka 1937 mlango ulikuwa umefungwa. Mtaalamu wa miaka 34, mwenye mke na watoto, alijikuta hana kazi katika nchi ambayo ilikuwa bado haijapona makovu ya mdororo mkuu wa uchumi.

Aliyemwokoa ni rafiki yake wa siku za masomo, Hudson Hoagland, aliyekuwa akiongoza idara ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Clark mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1938 alimwita huko na kumtafutia fedha kwa watu binafsi wa mji huo.

Mwaka 1944 marafiki hao wawili waliondoka chuoni na kuanzisha taasisi yao ya utafiti wa biolojia katika kitongoji cha Shrewsbury. Mwaka uliofuata walimpokea Min Chueh Chang, mtafiti kutoka China, ambaye baadaye angefanya sehemu kubwa ya kazi ya maabara.

Wanawake wawili wenye kiu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Pincus alikutana na Margaret Sanger, mwanaharakati aliyekuwa ametumia zaidi ya miaka 30 kudai haki ya wanawake kupanga uzazi. Mama huyo alikuwa amepita umri wa miaka 70, na kiu yake ilikuwa moja: dawa rahisi ambayo mwanamke angeweza kuimeza bila kumtegemea mumewe.

Pincus alijua pa kuanzia. Tangu mwaka 1937 ilikuwa imeonyeshwa kwamba homoni ya projesteroni, ambayo mwili huitoa kwa wingi wakati wa ujauzito, huzuia yai la sungura lisipevuke. Mwaka 1951 Chang alirudia majaribio hayo, akapata jibu lile lile.

Kilichokosekana ni fedha. Serikali haikutaka kujihusisha na jambo lenye utata, na kampuni za dawa ziliogopa kususiwa na wateja.

Juni 8, 1953 Sanger alifika Shrewsbury akiongozana na rafiki yake Katharine McCormick, mjane tajiri aliyehitimu biolojia mwaka 1904 katika chuo maarufu cha teknolojia cha MIT. McCormick alianza kwa kuahidi dola 40,000. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ametoa kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 2.

Wakati huo huo wanakemia walikuwa wametengeneza homoni zinazofanana na projesteroni lakini zenye nguvu zaidi zinapomezwa. Mojawapo ilitengenezwa mjini Mexico City mwaka 1951 katika kampuni ya Syntex, kwa malighafi iliyotokana na viazi vikuu vya porini. Nyingine ilitoka katika kampuni ya Searle ya Marekani, nayo ndiyo Pincus aliyoichagua.

Kwa kuwa Pincus hakuwa tabibu wa binadamu, alishirikiana na Dk. John Rock, bingwa wa magonjwa ya wanawake na muumini wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1954 walianza na wanawake 50 katika jimbo la Massachusetts. Kwa kuwa sheria za jimbo hilo zilikataza dawa za kuzuia mimba, kazi hiyo ilifanywa kwa sura ya utafiti wa ugumba.

Siku chache za mapumziko

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa umezaji ambao umeendelea kuonekana katika pakiti nyingi.

Awali wagonjwa wa Rock walipewa homoni mfululizo bila kukatisha. Hedhi ikakoma, nao wakadhani wamepata mimba waliyoingoja kwa miaka. Walipoambiwa ukweli walivunjika moyo.

Pincus alipendekeza mwanamke ameze kidonge kwa siku 20, kuanzia siku ya tano ya mzunguko, kisha apumzike siku chache. Homoni ikikatika damu hutoka, na mwanamke huona mwili wake unakwenda kama kawaida. Baadaye mpango huo ukawa siku 21 za vidonge na siku saba za mapumziko.

Mapumziko hayo yalileta utulivu wa nafsi, lakini yaliacha mwanya. Katika siku hizo ovari huanza kuamka. Mwanamke akichelewa kuanza pakiti mpya, huziongezea muda wa kuamka, na hapo yai linaweza kupevuka. Kwa sababu hiyo vidonge vya mwanzo na vya mwisho wa pakiti ndivyo hatari zaidi kuvisahau.

Visiwani Puerto Rico

Ili dawa ithibitishwe, walihitajika wanawake wengi zaidi. Pincus alikwenda Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ambako sheria iliruhusu uzazi wa mpango tangu mwaka 1937 na ambako familia nyingi maskini zilitamani kupunguza idadi ya watoto.

Aprili 1956 majaribio yalianza katika makazi mapya ya Rio Piedras, chini ya usimamizi wa Dk. Edris Rice-Wray. Wanawake waliambiwa kwamba dawa huzuia mimba, lakini hawakuelezwa bayana kwamba wao ndio waliokuwa wakipimiwa dawa hiyo. Kabla ya hapo homoni hizo zilikuwa zimejaribiwa pia kwa wagonjwa wa hospitali ya akili mjini Worcester. Kwa vipimo vya maadili ya utafiti wa sasa, mambo hayo yasingeruhusiwa.

Wafanyakazi wa ustawi wa jamii walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu vidonge vilivyobaki katika chupa. Waliomeza bila kuruka hawakupata mimba. Waliosahau, au waliokatisha, baadhi yao walipata.

Katika taarifa za kitaalamu za miaka ya 1958 na 1959, Pincus na wenzake waliwatenganisha wanawake waliomeza vidonge vyote na wale walioruka. Kwa hesabu hiyo dawa ilitoka na sifa ya kufanya kazi karibu bila dosari, na lawama ya mimba zilizoingia ikawaangukia walioruka.

Lakini kwa nini waliruka? Dk. Rice-Wray aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walilalamikia kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa, maumivu ya tumbo na kutapika. Alikiri kwamba dawa huzuia mimba ikimezwa sawasawa, ila akaonya kwamba madhara yake ni mengi mno kuweza kukubalika.

Pincus hakukubaliana naye. Aliamini kuwa malalamiko mengi yalitokana na hofu. Aliandaa jaribio dogo ambamo baadhi ya wanawake walipewa vidonge visivyo na dawa pamoja na onyo la madhara. Baadhi yao wakalalamika vilevile, naye akaona hoja yake imethibitika.

Ukweli ulikuwa ndani ya kidonge chenyewe. Kilikuwa na takriban miligramu 10 za homoni ya projestini na mikrogramu 150 za estrojeni. Vidonge vingi vya sasa huwa na estrojeni ya mikrogramu 20 hadi 35 tu. Mwanamke aliyekiacha kidonge mezani kwa sababu kilimtapisha jana hakuwa msahaulifu wala mzembe. Mwili wake ulikuwa umetoa taarifa ambayo mtafiti hakuipa uzito.

Kutoka chupa hadi pakiti ya siku

Mwaka 1957 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu dawa hiyo, kwa jina la Enovid, itumike kutibu matatizo ya hedhi. Mwaka 1960 iliidhinishwa rasmi kuzuia mimba.

Iliuzwa ndani ya chupa, kama vidonge vya maumivu. Mwanamke alitakiwa kuhesabu mwenyewe siku ya kuanza, siku ya kukoma na siku ya kurudia. Aliyeamka asubuhi na kujiuliza iwapo jana alimeza hakuwa na pa kutazama.

Suluhisho halikutoka maabara. Mwaka 1962 David Wagner, mhandisi wa jimbo la Illinois na baba wa watoto wanne, alichoka kubishana na mkewe kila siku kuhusu kidonge kilichomezwa na kisichomezwa. Kwanza alipanga vidonge juu ya karatasi yenye majina ya siku. Karatasi ilipoanguka na vidonge kutawanyika, alibuni kisanduku cha duara kinachoonyesha kidonge cha kila siku. Muda si mrefu kampuni za dawa zilianza kuuza vidonge katika pakiti za aina hiyo.

Mhandisi huyo alifanya jambo ambalo mabingwa walikuwa hawajalifanya. Alikubali kwamba binadamu husahau, kisha akaibadilisha pakiti imfae mtumiaji.

Siku za mwisho

Pincus alizunguka duniani akiitangaza dawa yake, na mwaka 1965 alichapisha kitabu kuhusu udhibiti wa uzazi. Wakati huo alikuwa tayari anaugua maradhi ya uboho. Alifariki dunia mjini Boston Agosti 22, 1967, akiwa na umri wa miaka 64. Sanger alikuwa ametangulia Septemba 1966, na McCormick alifuata Desemba 1967.

Hakushuhudia yaliyofuata. Taarifa za damu kuganda kwa baadhi ya watumiaji, zilizoanza kusikika mwaka 1961, ziliongezeka. Mwaka 1970 Baraza la Seneti la Marekani lilisikiliza ushahidi kuhusu usalama wa kidonge, na baada ya hapo ikaamriwa kila pakiti iwe na maelezo kwa mtumiaji. Dozi nazo zikapunguzwa hatua kwa hatua.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mabadiliko hayo. Tanzania ilikuwa na chama cha UMATI tangu mwaka 1959, na Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, mwaka ule ule aliofariki Pincus. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa wanawake wapatao milioni 150 duniani walikuwa wakitumia vidonge.

Ukisahau, ufanye nini?

Hesabu aliyoiona Pincus visiwani ingalipo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika wanawake 100 wanaomeza vidonge bila kukosea kwa mwaka mzima, hapati mimba hata mmoja kamili kwa wastani. Katika matumizi ya kawaida, yaani pamoja na kusahau na kuchelewa, hupata mimba wapatao saba.

Kwa vidonge vyenye homoni mbili, ushauri wa wataalamu wengi ni huu. Aliyesahau kidonge kimoja akimeze mara anapokumbuka, hata kama atameza viwili siku moja, kisha aendelee kama kawaida. Kwa kidonge kimoja hatari ni ndogo.

Aliyekosa viwili au zaidi mfululizo ameze kimoja kati ya hivyo, kile cha karibuni, aendelee na pakiti, na atumie kondomu au ajizuie kwa siku saba. Siku hizo saba ndizo zinazohitajika ili ovari zitulie tena.

Ikiwa vimekosekana katika wiki ya kwanza naye alikutana na mwenzi wake bila kinga, aende haraka kituo cha afya kuuliza kuhusu kidonge cha dharura, ambacho hufaa zaidi kinapowahi na kisichozidi siku tano. Ikiwa ni wiki ya tatu, amalize vidonge vyenye homoni na kuanza pakiti mpya bila mapumziko.

Vile saba vya mwisho katika pakiti ya vidonge 28, ambavyo mara nyingi ni vya madini ya chuma, havizuii mimba. Kuvisahau hakuna hatari, mradi pakiti mpya ianzwe kwa siku yake.

Akina mama wanaonyonyesha hupewa mara nyingi vidonge vya homoni moja. Hivyo vina masharti makali zaidi. Kwa aina za zamani, kuchelewa zaidi ya saa tatu kunahesabiwa kuwa ni kusahau, na kinga ya ziada huhitajika kwa siku mbili.

Aliyetapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza ahesabu kwamba hakumeza. Anayetumia dawa ya kifua kikuu ya rifampicin au baadhi ya dawa za kifafa amweleze mhudumu, kwani hupunguza nguvu ya vidonge. Na hedhi isipoonekana baada ya kuruka vidonge, kipimo cha mimba ndicho jibu.

Maelezo hutofautiana kwa aina ya kidonge, hivyo karatasi iliyomo ndani ya pakiti isitupwe.

Zaidi ya yote, mwanamke anayevisahau mara kwa mara, au anayeviacha kwa sababu vinamsumbua, asione aibu kurudi kliniki. Huenda anahitaji aina nyingine ya kidonge, au sindano, kipandikizi au kitanzi, ambavyo havidai kumbukumbu ya kila siku.

Wanawake wa Rio Piedras walisema, hawakusikilizwa. Aliyeko nyuma ya meza ya kliniki leo ana nafasi ya kutorudia kosa la Pincus. Kabla ya kumkaripia mama aliyesahau, amuulize kwanza kilichomfanya asahau.